Mwezi kuwa damu: mtoto amerudisha kichongeo, mimi nimebaki na swali

Fundi_Nkuhungu aliandika:

Wapendwa, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanijibu, maana najua mada za namna hii huishia watu kutukanana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Nkuhungu, Dodoma. Jumapili nafundisha watoto kanisani, wale wa darasa la pili hadi la tano. Theolojia sijasoma. Nina Biblia ya Union ambayo jalada lake nimelishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, na nina daftari la mafundisho. Basi.

Jumapili ile ya tarehe 7 Septemba 2025 nilikuwa uani nasuuza vyombo. Kama saa moja na nusu nikaona mwezi umeng'atwa pembeni, kama chapati aliyoionja mtoto akairudisha kwenye sahani. Ilipofika saa mbili na nusu ulikuwa mwekundu wote. Si mwekundu wa bendera, ni ule wa udongo wa huku kwetu ukilowa. Jirani yangu wa kushoto akaanza kuimba tenzi. Wa kulia akatoka na sufuria na mwiko anagonga, nilipomuuliza anagonga nini akasema hata yeye hajui, bibi yake alikuwa anagonga. Kijana mmoja akapita njiani anapiga kelele kwamba tutubu, na huyo namjua, ana deni langu la suruali mbili tangu Pasaka.

Asubuhi ya Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, mlango unagongwa. Binti wa darasa la nne, mwanafunzi wangu, yuko kwenye sare ya shule, mkononi ana kitu kimeviringwa kwenye karatasi. Ni kichongeo cha chuma cha darasa letu, nilikitafuta tangu mwezi wa sita. Akaniambia, "Mwalimu, mwezi ukishakuwa damu kinachofuata ni siku ya Bwana. Sikutaka nikutwe nacho."

Nikamwingiza ndani, nikachukua tochi ya simu, chungwa na zabibu moja. Tochi jua, chungwa dunia, zabibu mwezi. Nikamwonyesha kivuli cha chungwa kinavyoifunika zabibu. Nikamwambia wekundu ule ni mwanga wa jua unaopita kwenye hewa inayoizunguka dunia, rangi ya buluu inatawanyika njiani, nyekundu ndiyo inayofika. Akaelewa. Akala zabibu, akaenda shule.

Jumapili iliyofuata mwinjilisti wetu akasoma Yoeli 2:31, mwezi kuwa damu kabla ya siku ya Bwana, ile ya hukumu, akaja Matendo 2:20, akamalizia Ufunuo 6:12, akasema tumeona kwa macho yetu. Baada ya ibada akaniita pembeni. Habari za chungwa zilikuwa zimemfikia. Akasema nimelipunguza Neno mbele ya watoto. Hakunikaripia, ni mtu mpole, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Swali langu ni hili. Nitajuaje kwamba hapa Maandiko yanasema kwa picha na hapa yanasema kitu kama kilivyo? Nikisema damu ya mwezi ni picha, nina mtoto mmoja pale darasani, mtoto wa mwalimu wa hesabu, atauliza tu: na kufufuka je, nako ni picha? Nikisema ni kama ilivyoandikwa, mbona mwezi ulikuwa mwekundu hivyo hivyo Julai 2018? Nakumbuka vizuri, nilikuwa na mimba ya kitindamimba wangu na nilikaa nje na kanga mbili. Siku ya Bwana haikuja, akaja mtoto.

Jumapili hii ni zamu yangu tena. Nisaidieni.

Mlinzi_wa_Lango alijibu:

Dada, soma Neno kama lilivyoandikwa, utapona. Mambo ya machungwa na zabibu peleka sokoni. Ukianza kusema hiki mfano, kile mfano, mwisho utasema na jehanamu ni mfano.

Fundi_Nkuhungu alijibu:

Asante ndugu yangu. Na Yohana 10:9, Bwana anaposema yeye ndiye mlango, nisome kama ilivyoandikwa? Nauliza kwa heshima. Mimi najua milango ina bawaba.

Mfugaji_Isiolo alijibu:

Salamu kutoka Isiolo, Kenya. Dada, mimi si pasta, nafuga mbuzi na nina kishamba kidogo cha mahindi na sukuma. Lakini kitabu cha Yoeli nakijua kwa sababu kilinitembelea nyumbani.

Usianzie sura ya pili mstari wa 31. Anza mwanzo kabisa, 1:4. Hapo kuna tunutu, nzige, parare na madumadu, kila mmoja anakula alichobakisha mwenzake. Miaka yote nilikuwa nasoma hayo majina manne nikidhani nabii anapamba maneno. Halafu ikaja 2020, mwezi wa pili.

Waliingia nchini mwisho wa Desemba 2019 kupitia Mandera. Serikali ikasema hatujaona nzige wengi hivyo kwa miaka 70. Kwangu walifika siku ya soko, saa nane mchana. Kwanza niliona kitu kama moshi upande wa kaskazini, nikasema kuna mtu amechoma nyasi. Moshi ukasogea na hakuna harufu. Halafu mbuzi wakasimama, wakaacha kula. Halafu mwanga ukabadilika. Jua lilikuwa pale pale juu, lakini likawa kama sahani ya shaba iliyosahauliwa kwenye mvua, na unaweza kuliangalia bila kufumba macho. Wale waliokuja walikuwa wachanga, wa rangi ya waridi, kwa hivyo hata hewa ilikuwa na wekundu. Tuligonga madebe, watoto wakapiga mayowe, wapi! Na ile sauti, dada. Si sauti ya mabawa peke yake. Walipotua kwenye mahindi ilikuwa ni sauti ya moto ukila mabua makavu. Jioni nilibaki na vijiti vimesimama kwa mstari.

Usiku ule nilifungua Yoeli kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. 2:5 inasema sauti yao ni kama miali ya moto ilayo mabua. Hiyo nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu mchana. Na 2:10, ukimaliza tu habari za jeshi hilo, inasema jua na mwezi vinatiwa giza na nyota zinaacha kuangaza. Nikacheka peke yangu. Kumbe huyu mzee hakuwa anatunga! Alikuwa ameona nilichoona.

Kwa hivyo ukifika 2:31, jua giza na mwezi damu, si mara ya kwanza mbingu zinaguswa katika kitabu hicho. Nabii ameshika jambo ambalo watu wake waliliona kwa macho, siku Mungu alipopita kati yao na hukumu, na analikuza mpaka lifike kwenye siku kubwa kuliko zote. Wenzake wanafanya vile vile. Isaya 13:10 nyota zinazima, na ukiangalia 13:1 na 13:17 anazungumza juu ya Babeli na Wamedi. Babeli ulianguka mwaka 539 kabla ya Kristo, na nyota ziko juu hadi leo. Ezekieli 32:7 ni Farao wa Misri, mbingu zinafunikwa. Kwao hiyo ilikuwa ndiyo lugha ya ufalme kuanguka. Kama sisi tunavyosema "dunia imemwangukia", hakuna anayeangalia juu.

Jambo la mwisho, na hili linaniuma kidogo. Sura hiyo hiyo ya pili, mstari wa 25, Mungu anaahidi kurudisha miaka iliyoliwa na nzige. Kila mkesha wa mwaka mpya wahubiri wa mjini wanaupenda huo mstari kama nini. Mtu amefunga duka, amekosa kazi, anaambiwa nzige wake watarudishwa. Nzige gani, na hajawahi kupoteza hata jani la mchicha? Hapo hakuna anayelalamika kwamba Neno limepunguzwa, wote wanapiga makofi. Mistari sita mbele, mwezi unakuwa damu, na ghafla ni lazima iwe vile vile ilivyoandikwa. Muulize mwinjilisti wako kwa upole, yeye anausomaje mstari wa 25?

Musoma_Sabato alijibu:

Nawasalimu. Mimi ni Msabato, na naomba nisimame upande wa pili kidogo, bila vita.

Sisi tumelelewa tukifundishwa kwamba ishara hizi zilitokea kweli na zina tarehe. Babu yangu alikuwa anazitaja kama anavyotaja majina ya ng'ombe wake. Tarehe 19 Mei 1780, Siku ya Giza, kaskazini-mashariki ya Marekani: mchana kukawa giza mpaka watu wakawasha mishumaa na kuku wakarudi bandani, na usiku mwezi ukaonekana mwekundu. Tarehe 13 Novemba 1833, nyota zilianguka kama mvua, nusu ya Marekani ikatoka nje usiku. Waliokuwa wanasoma Mathayo 24:29 wakati ule walihesabu: jua, mwezi, nyota, kwa mpangilio ule ule.

Nilipokuwa chuo, rafiki mmoja alinikalisha chini akanieleza kwamba giza la 1780 lilitokana na moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua huko Kanada, na kwamba vimondo vile vya Novemba ni vumbi la nyota-mkia ambayo hurudi kila miaka 33 hivi. Mwaka 1966 vilinyesha tena, maelfu kwa dakika. Sitawadanganya, nilikaa wiki mbili na huzuni. Niliona kama babu amenyang'anywa ng'ombe wote.

Nikaja kusoma Kutoka 14:21. Bahari iligawanyika kwa nini? Kwa upepo wa nguvu wa mashariki, usiku kucha. Maandiko yenyewe yanataja chanzo na hayaoni aibu. Upinde wa mvua katika Mwanzo 9 ni ishara ya agano, na kila mtoto wa sekondari anajua ni matone na mwanga. Kwa hiyo dada, chungwa lako na zabibu yako havijapunguza kitu. Kujua jinsi jambo linavyotokea ni swali moja, na linamwambia nini aliyeliona ni swali jingine. Yule binti alirudisha kichongeo.

Nakubaliana na ndugu wa Isiolo kuhusu Isaya na Ezekieli. Ninachokataa ni kusema kwamba kwa kuwa ni picha, basi hakuna kitakachotokea. Petro alisimama siku ya Pentekoste akasema jambo hili ni lile lililonenwa na nabii Yoeli. Na wako waliopiga hesabu wakaona kwamba tarehe 3 Aprili mwaka 33, siku ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kusulubiwa, mwezi ulichomoza Yerusalemu ukiwa umepatwa sehemu. Huenda baadhi ya waliomsikiliza Petro walikuwa na kumbukumbu ya juma saba tu zilizopita. Sisemi ni ushahidi. Nasema msifunge mlango haraka.

Fundi_Nkuhungu alijibu:

Ndugu wa Isiolo, nimesoma habari ya mahindi yako mara mbili na nimeacha suruali ya mteja kwenye cherehani. Pole sana. Na ndugu wa Musoma, asante kwa upole wako, ile habari ya upepo wa mashariki sikuwahi kuitilia maanani.

Lakini bado naogopa yule mtoto wa mwalimu wa hesabu. Mkishanipa picha na ukweli katika mstari mmoja, yeye atataka kipimo. Mimi nguo nakata kwa futi. Siwezi kumwambia mteja kiuno chake ni "kwa namna fulani 32".

Abuu_Ngamiani alijibu:

Assalaam alaykum na bwana asifiwe, kila mtu achukue yake. Mimi ni Muislamu, niko Tanga, Ngamiani. Nimepita njia nikakuta mnazungumza jambo ambalo na sisi linatuhusu, naomba kiti.

Usiku ule sisi tulikuwa msikitini. Mwezi ukipatwa kuna swala yake, rakaa mbili, na kila rakaa ina rukuu mbili badala ya moja. Imamu wetu ana kisomo kirefu, magoti yangu yanamjua. Baada ya swala alitoa khutba akakumbusha hadithi ambayo wengi wetu tunaijua. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huu. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza tu, na watu wangeamini. Yeye akasimama akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, mkiona hivyo swalini. Kwa hiyo ni ishara, ndiyo, lakini si kila tafsiri ya ishara inakubaliwa. Mimi hiyo hadithi huwa inanitoa machozi kwa sababu ya huyo baba.

Sasa dada umeuliza kipimo. Qur'ani imelizungumza jambo hilo wazi, Aal Imran aya ya 7: zimo aya muhkamat, zilizo madhubuti, hizo ndizo msingi wa Kitabu, na zimo nyingine mutashabihat, zenye kufanana. Wenye upotofu nyoyoni wanazikimbilia hizo za pili wakitafuta fitina. Yaani yasiyo wazi yanarudishwa kwenye yaliyo wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni anavyorudishwa kwa mama yake. Ukimwona mtu anachukua lisilo wazi, analijengea nyumba, halafu analitumia kuyavunja yaliyo wazi, mkimbie.

Na hata hapo wanazuoni hawakumaliza. Katika aya hiyo hiyo kuna mahali pa kusimama katika kusoma. Ukisimama baada ya neno "Allah", maana ni kwamba tafsiri yake haijui ila Mwenyezi Mungu tu. Ukiunganisha, maana inakuwa ni Yeye na wenye kuzama katika elimu. Pumzi moja, umehamisha mpaka! Wakubwa wamesimama huku na wakubwa wamesimama kule.

Nikupe na kisa cha kuwachekesha watoto wako, ukipenda. Tunaambiwa katika sura ya Al-Baqara, aya ya 187, tule daku mpaka ubainike uzi mweupe na uzi mweusi. Sahaba mmoja, Adi bin Hatim, akachukua kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto wake, usiku akawa anaziangalia. Hakuona kitu. Asubuhi akaenda kwa Mtume, akaambiwa basi mto wako ni mpana sana, kama umeutandika juu ya usiku na mchana. Ule ni weusi wa usiku na weupe wa alfajiri. Wapo pia waliofunga nyuzi miguuni, wakawa wanakula mpaka wazione tofauti, ndipo likashuka neno "minal fajri", la alfajiri, kubainisha. Tazama: Adi hakufukuzwa wala hakuitwa mpotofu. Alisoma kwa moyo safi, akakosea, akataniwa kidogo, akarekebishwa. Mimi nikimkumbuka yeye sioni haya kuuliza.

Mzee_Songea alijibu:

Dada fundi, nimefundisha Kiswahili miaka 34, sasa nafuga nyuki. Ninyi nyote mmesema vizuri, ila mmeruka neno dogo lililo mbele ya macho yenu. Fungua Biblia yako ya kushona.

Yoeli: mwezi kuwa damu. Petro katika Matendo ananukuu: mwezi kuwa damu. Sasa Ufunuo 6:12: jua likawa jeusi *kama* gunia la singa, mwezi wote ukawa *kama* damu. Umeona? Yoeli ametumia sitiari, Yohana ametumia tashbiha. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili ningempa alama mbili. Yohana aliyajua maneno ya manabii kama unavyoyajua maneno ya tenzi, na alipoyachukua akaweka "kama". Mwinjilisti wako alisoma mistari yote mitatu mfululizo, na jibu lilikuwa kwenye kinywa chake.

Maandiko yanajitafsiri mara nyingi kuliko tunavyodhani. Danieli anaona wanyama wanne, na 7:17 anaambiwa ni wafalme wanne. Yohana anaona nyota saba na vinara saba, na kabla sura ya kwanza haijaisha, 1:20, anaambiwa ni malaika wa makanisa na makanisa yenyewe. Yusufu anaota jua, mwezi na nyota kumi na moja vinamwinamia, na Yakobo hakwenda kutazama angani, alikasirika hapo hapo: mimi na mama yako na ndugu zako tuje kukuinamia? Mzee yule hakuhitaji mwalimu wa fasihi.

Na nahau, dada. Mgeni akisikia "fulani ana mkono wa birika" atatafuta birika. Sisi tunajua ni mchoyo. Ufunuo 2:23 Bwana anasema anachunguza viuno na mioyo. Neno la Kiyunani pale ni figo. Wayahudi waliweka nia ya siri kwenye figo, sisi tunaiweka moyoni, watafsiri wetu wakaona figo zitatuchekesha, wakashuka kwenye viuno, na fundi cherehani wa Nkuhungu ndiye mwenye futi ya viuno. (Samahani, mzee huwa nateleza.) Mara nyingine lakini sisi ndio tunaopata bure. Petro anasema hawa hawakulewa, ni saa tatu ya mchana. Mzungu lazima ahesabu vidole ndipo ajue ni asubuhi. Sisi tunasoma tu, saa tatu ni saa tatu, nani amelewa saa tatu?

Hata hilo jambo lenyewe tunaliitaje? Mwezi *umepatwa*. Umepatwa na nani? Wazee walikuwa na majibu yao, ndiyo maana jirani yako aligonga sufuria bila kujua sababu. Sisi leo tunasema "umepatwa" na hatuamini kwamba kuna aliyeukamata, na hatusemi uongo.

Sasa mtoto wa mwalimu wa hesabu. Mpeleke 1 Wakorintho 15. Paulo anapozungumza juu ya kufufuka anataja Kefa, anataja wale Thenashara, anataja ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, na anaongeza kwamba walio wengi wao wanaishi hata sasa. Maana yake nendeni mkawaulize. Mtu anayetega fumbo haleti orodha ya mashahidi. Mtoto anaweza kuamini au asiamini, hilo ni lake na Mungu wake, lakini hawezi kusema Paulo alikuwa anasema kwa picha. Hicho ndicho kipimo chako: msikilize msemaji anasema kwa namna gani. Shairi lina sauti yake, na barua ina yake.

Mlinzi wa Lango, jina lako nalo ni sitiari. Shikamoo yako nimeipokea.

Mlinzi_wa_Lango alijibu:

Shikamoo mzee. Hilo la "kama" nimeenda kuangalia, lipo. Bado sikubaliani na yote.

Fundi_Nkuhungu alijibu:

Wapendwa, nawaletea ripoti, maana mmenipa mtaji.

Jumapili sikuanza na Biblia. Nilisimama mbele nikasema, "Kitendawili!" Wakaitika, "Tega!" Nikatega, nyumba yangu haina mlango. Wote wakapiga kelele, yai. Nikatega, shamba langu kubwa lakini nikivuna mavuno hayajai mkono. Nywele. Nikawauliza, je, nimesema uongo? Wakasema hapana. Yai lina mlango? Hapana. Kwa hiyo ni nyumba kweli? Hapo wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kwa dakika kumi, nikawaacha. Mvulana mmoja akasema ni nyumba ya kifaranga, kwa hiyo ni kweli kwa kifaranga. Sijui hilo alilitoa wapi. Nimeliandika kwenye daftari.

Ndipo nikaandika ubaoni Yoeli juu, Ufunuo chini, nikawaambia watafute tofauti. Mzee wa Songea, ilichukua muda mfupi kuliko kuchonga penseli. Mtoto wa mwalimu wa hesabu ndiye aliyeiona "kama", akaja kuizungushia chaki mwenyewe. Halafu, kama nilivyojua, akauliza habari ya kufufuka. Nikampa wale mia tano. Akakaa kimya, akauliza kama Paulo aliandika majina yao yote. Nikasema hapana. Akasema yeye angeyaandika. Haya.

Habari ya nzige wa Isiolo niliwasimulia karibu yote. Walinyamaza kabisa pale mbuzi walipoacha kula.

Mwinjilisti alikuwa amekaa nyuma, sikumwona alipoingia. Mwishoni akaja akaomba daftari langu aende nalo nyumbani. Nikamuuliza kuhusu Yoeli 2:25, kwa upole kama nilivyoagizwa. Akatabasamu, akasema mkesha uliopita aliuhubiri yeye mwenyewe huo mstari, na kwamba tutazungumza. Daftari bado analo.

Watoto walipokuwa wanatoka, yule binti wa kichongeo akabaki nyuma anafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Akasubiri wenzake watoke. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ile siku haikuwa siku ya Bwana?" Nikamwambia haikuwa. Akafikiri kidogo, akaangalia kopo la penseli juu ya meza.

"Basi naweza kukiazima mpaka Jumatano?"

Nimemwazima. Nimeandika jina lake na tarehe.